Kabla Baba Hajabonyeza Nakubali

Baba yangu, Mzee Ambrose wa Ikolo, tulimzika baada ya Pasaka. Wengi waliokuja msibani walimjua kama mwalimu wa kwaya. Wengine walimjua kwa kakao yake, maana hakuwahi kuuza mbichi hata wanunuzi walipomfuata shambani. Mimi Tusajigwe, mwanawe niliyebaki naye nyumbani pamoja na Mama, namkumbuka zaidi kama mtu aliyesoma.

Sisemi kwamba alisoma vitabu vingi. Nyumbani kwetu kulikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo na kalenda ya usharika. Alisoma yale maandishi ambayo sisi wengine tunayapita: karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, mgongo wa mfuko wa mbolea, nyuma ya tiketi ya basi. Safari moja ya Mbeya kondakta alimwambia, "Mzee, hiyo ni tiketi, siyo barua ya mchumba."

Baba akamjibu, "Barua ya mchumba ilikuwa fupi. Hii inasema mzigo wangu ukipotea hamhusiki." Akasafiri mpaka Mbeya amepakata mkungu wake wa ndizi.

Kanisani ilikuwa hivyohivyo. Alisimama mara moja kuwa mdhamini wa ubatizo wa mtoto wa jirani. Watoto siku hiyo walikuwa wengi na walilia kwa zamu, kwa hiyo mchungaji aliyasoma maswali harakaharaka. Wadhamini wote wakaitikia. Baba akainua mkono.

"Samahani, Mchungaji. Swali la mwisho sikulisikia vizuri."

Mchungaji akalirudia polepole, na Baba akasema peke yake, kanisa zima likimtazama, "Ndiyo, Mungu anisaidie." Mama alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Tulipofika nyumbani akamuuliza, "Baba Tusa, ulishindwa nini kuitikia na wenzako?"

"Mama Tusa, nimwahidi Mungu kitu ambacho sikukisikia?"

Mama alicheka, ingawa hakutaka.

Mwaka jana, miezi michache baada ya daktari kutuambia kwamba moyo wa Baba umepanuka na kwamba asibebe tena kitu kizito, kwaya yetu ilikwenda Kyela mjini kurekodi nyimbo. Zote zilijulikana kuwa ni nyimbo zake. Mkuu kuliko zote ulikuwa ule unaoitwa "Ningali Mbichi", ambao hata watoto wa Njisi na Busale wanauimba wakienda kuchota maji. Ndani yake chungu kinasema na aliyekifinyanga: usinishike bado, ningali mbichi, nisubiri nikauke. Wanaume wanaanza chini sana, kama wanaogopa kukivunja, na wanawake wanaingia baadaye.

Katibu wa kwaya, Lugano, alitaka nyimbo ziwekwe kwenye programu moja ya muziki ya simu kabla ya Pasaka, ili wasikie watu wa Dar es Salaam, wa Malawi na kokote kwingine. Akaunti aliifungua kwa jina la Baba kwa kuwa ndiye mtunzi. Akaja na simu ya kwaya nyumbani asubuhi moja, Baba akiwa uani anageuza kakao kwenye mkeka.

"Mwalimu, weka kidole hapa tu, tumemaliza."

"Hapa pameandikwa nini?"

"Nakubali."

"Nakubali nini?"

"Masharti."

"Yako wapi hayo masharti?"

"Yapo hapo juu, lakini hayo huwa hatusomi."

"Nani hamsomi?"

"Watu wote, Mwalimu. Dunia nzima inabonyeza tu."

Baba akajifuta mikono kwenye suruali. "Basi dunia nzima imeniachia kazi. Tusajigwe, njoo usome."

Lugano akanitazama kwa huruma. Masharti yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, cha kuulizia njia. Lakini nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasoma sentensi moja, nikaitafsiri, nikasoma nyingine. Nilipokwama nilitafuta maana ya neno kwenye simu hiyohiyo. Baba alisikiliza huku mkono wake ukipita juu ya punje, akichomoa zilizoshikana.

Lugano akatuachia simu, tukasoma hivyo siku kadhaa. Lugano alikuwa akipita barabarani na baiskeli yake na kuuliza, "Mmefika wapi?" Nami nilimjibu kwa jina la sura: kwa watu wanaoishi nchi nyingine, kwa watoto wasiofikia umri, kwa mambo ambayo kampuni haihusiki nayo.

"Kama kondakta," Baba alisema hapo.

Tulipofika mahali palipoandikwa kwamba mkikosana kesi itasikilizwa kwenye nchi yao, akauliza, "Kwa nauli ya nani?" Nikatafuta. Haikuandikwa.

Mama alitoka jikoni akatuona tumeinamia simu. "Bado tu mko Mambo ya Walawi?"

"Tumevuka," Baba alisema. "Tuko Hesabu."

Siku hizo zilikuwa nzuri, ingawa wakati ule nililalamika moyoni kwamba nguo zangu hazijafuliwa. Baba alikuwa akichoka upesi, na kukaa kusikiliza kulimfaa. Mungu huwa na njia zake za kumketisha mtu.

Ndipo tukafika kwenye kifungu kimoja kifupi. Nilikitafsiri bila kufikiri, kwa sababu kilikuwa chepesi: "Unathibitisha kwamba kazi unayoiweka hapa ni yako mwenyewe, au kwamba umepata ruhusa ya mwenye nayo."

Mkono wa Baba ukasimama.

"Rudia."

Nikarudia.

"Leo inatosha," akasema, akaingia ndani.

Jioni alituambia, mimi na Mama. "Ningali Mbichi" hakuutunga yeye. Alipokuwa kijana, wanawake wa Kikisi walikuwa wakija kutoka ufukweni mwa ziwa na vyungu vyao kubadilishana na mpunga. Chungu hakikuwa na bei nyingine: ulikijaza mpunga mpaka mdomoni, mpunga ukawa wa mfinyanzi na chungu kikawa chako. Mmoja wao, Anyelwisye, alikuwa akifikia kwa bibi yangu kila msimu wa mavuno. Aliimba akivifungua vyungu kutoka kwenye majani makavu aliyovifungia, akivigonga kimoja kimoja kusikia kama kipo kilichopasuka njiani. Wimbo wake ulikuwa wa Kikisi. Baba aliukumbuka miaka yote, na alipopewa kwaya akautia Kiswahili na kuupa sauti nne.

"Na ukaongeza nini?" Mama alimuuliza.

"Neno moja. Niliongeza 'Bwana'. Na hilo nalo siyo langu."

"Lakini watu wote wanasema ni wimbo wako."

"Wanasema. Mimi sijawahi kusema." Kisha akaongeza, "Wala sijawahi kukana. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize, na hakuna aliyeniuliza, mpaka hawa wa kwenye simu."

Nilimwambia kwamba hao wa kwenye simu hawajui Ikolo iko wapi na hawatakuja kumuuliza Anyelwisye. Akasema anajua. Akasema pia kwamba anataka sana kuusikia wimbo ule ukitoka kabla hajaondoka. Anautaka kuliko Lugano anavyoutaka. Lakini ataondoka na "ndiyo" yake mkononi, na hataki iwe ya uongo.

Kesho yake tulimalizia kusoma vifungu vilivyobaki, lakini tangu jioni hiyo hilo ndilo lililotushughulisha nyumbani: kama ruhusa itapatikana Baba angali anasikia.

Ijumaa, kwenye mazoezi, aliwaambia wanakwaya. Lugano akasema, "Mwalimu, hilo ulituambia lini?"

"Leo."

Besi wakacheka, na wengine wakafuata. Si wote waliofurahi. Kuna mama mmoja aliyesema pembeni kwamba mzee anatafuta sababu ya kuchelewesha, kwaya nyingine zimeshaweka zao na hawakuulizana na mtu. Lugano mwenyewe alinivuta nje. "Dada Tusa, nikibonyeza mimi nani atajua?"

"Simu iko chini ya mto wake," nikamwambia.

"Ameilalia?"

"Ameilalia."

Akatikisa kichwa. "Mzee yule angekuwa mlinzi wa benki."

Wiki iliyofuata nilikwenda na Baba mpaka Matema kwa bodaboda mbili, tena polepole kwa sababu ya kifua chake, kisha tukapanda mtumbwi wa mashine uliokuwa ukiwarudisha wafinyanzi kwao Ikombe kutoka sokoni. Tulikuwa na mfuko wa mchele wetu. Anyelwisye alikuwa amekwisha kufariki, lakini tulielekezwa kwa binti yake, Neli, mama mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Tulimkuta ameketi chini, anasugua chungu kibichi kwa kokoto laini ya ziwani.

"Mugonile," Baba alimsalimu kwa lugha yetu, nao wafinyanzi wanaijua kwa sababu ya biashara.

"Tugonile, tata. Karibuni. Mmekuja na mchele wa kujaza chungu gani?"

"Hatujaja kuchukua chungu, mama. Nimekuja kuomba jambo la mama yako."

Baba hakungoja kuulizwa jambo gani. Aliimba. Kifua kilimkatisha mara mbili, lakini aliimba kwa Kikisi, kama alivyousikia akiwa kijana. Neli aliendelea kusugua, kisha mkono wake ukaenda taratibu zaidi, kisha ukatulia juu ya chungu. Hakulia. Alisema, "Huo alikuwa akiuimba akinibeba mgongoni."

Baba akaeleza yote: kwaya, simu, kifungu. Neli alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo unataka niseme ndiyo."

"Ukipenda."

"Hayo maneno yao wewe umeyasikia yote?"

"Yote."

"Basi nisomee na mimi."

Nilimtazama Baba, naye alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. Nikatoa simu. Nikayasoma tena toka mwanzo, ya nchi nyingine na ya watoto na ya kesi, Neli akisugua chungu chake na majirani wawili wakija kuketi kusikiliza kama wanaosikiliza mahubiri. Nilipofika mahali ambapo kampuni inapewa haki ya kuutumia wimbo duniani kote na milele, Neli akainua kokoto.

"Simama hapo. Milele?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Milele nampa nani mimi? Mimi mwenyewe sina. Chungu changu kizuri kuliko vyote kinaishi mpaka mtoto wa mtu akiangushe."

Jirani mmoja akasema, "Neli, wewe sema ndiyo tu, wazungu ndivyo wanavyosema."

"Wewe ulisema ndiyo tu kwa mume wako, na leo unalia kila Jumatatu."

Walicheka mpaka yule jirani akarusha udongo. Baba naye alicheka, akashika kifua. Neli alipotulia alisema kwamba hawezi kutujibu siku ile. Yeye si mtoto wa pekee. Dada yake mkubwa ameolewa Lupingu, kusini huko ufukweni, na wimbo wa mama ni wa wote wawili. Atakapopata mtumbwi wa kwenda huko atamuuliza, kisha ataleta jibu mwenyewe. Mchele aliupokea kama zawadi ya wageni, si malipo, na alisema hivyo wazi ili kusiwe na kusahau.

Nilirudi nimevunjika moyo. Pasaka ilikuwa inakaribia, na miguu ya Baba ilikuwa imevimba viatu visiingie. Yeye alikuwa mchangamfu njia nzima.

"Umemwona?" alinipigia kelele kutoka kwenye bodaboda yake. "Amesikiliza mpaka mwisho."

Baada ya hapo aliugua sana. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, na daktari alizungumza na Mama kwa sauti ya chini mlangoni. Wanakwaya walikuja kumwimbia. Hawakuimba "Ningali Mbichi", kwa heshima yake, na pengo lake lilisikika. Lugano hakuuliza tena habari za simu. Alikuwa akija asubuhi kumnyoa Baba ndevu, na mara moja nilimsikia akimwambia, "Mwalimu, tungoje tu. Pasaka zipo nyingi." Baba akamjibu, "Zako."

Niliomba sana siku zile. Sikuomba Baba apone, maana nilikuwa nimeona macho ya daktari. Niliomba mtumbwi upatikane Lupingu.

Neli alikuja alasiri ya siku ya soko, amefunga kitenge kipya na ana vumbi mpaka magotini. Mama alimwingiza moja kwa moja chumbani. Baba aliomba ainuliwe akae.

"Ndaga, mama," alimshukuru. "Umefika."

"Nimefika, tata. Dada amesema hivi. Jina la mama litangulie, lako lifuate. Hilo la kwanza. La pili, ruhusa tunatoa ya siku zetu sisi na watoto wetu wakikubali. Milele hatuna."

Baba alisema kwa upole, "Mmesema vizuri. Lakini wao wanataka milele, na mimi siwezi kusema nimepata kitu msichonipa. Basi tuache. Ndaga kwa kuja."

Mama aligeukia ukutani. Lugano, aliyekuwa amekaa kizingitini, aliniomba simu, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Akaifungua ile programu, kisha akaguna.

"Wamebadilisha."

"Nini?"

"Masharti. Wanasema masharti ni mapya, tusome tena kabla ya kukubali." Akajaribu kucheka. "Hata tungekuwa tumemaliza, tungeanza upya."

"Soma," Baba alisema.

"Baba, umechoka," nikamwambia. "Na umeshaamua."

"Niliamua yale ya zamani. Soma, mama yangu."

Alikuwa akiniita hivyo nilipokuwa mdogo. Nikasoma. Safari hii pia sikuruka hata neno, na nilikuwa nayajua mengi, kwa hiyo Kiswahili kilinijia vizuri. Neli aliketi chini akiegemea kitanda. Mengi yalikuwa yaleyale: kondakta, nauli, watoto. Tulipofika kwenye haki ya kuutumia wimbo, nikasoma mara ya kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Duniani kote ilikuwepo. Milele haikuwepo. Palikuwa pameandikwa kwamba haki hiyo itadumu mpaka mwenye akaunti atakapouondoa wimbo, na anaweza kuuondoa wakati wowote.

"Rudia," walisema Baba na Neli kwa pamoja.

Nikarudia. Nikatafuta lile neno la kuondoa kwenye simu ili nisije nikawa nawapa faraja isiyokuwepo. Lilikuwa na maana hiyohiyo.

"Mwenye akaunti ni nani?" Neli akauliza.

"Ni mimi," Baba akasema, "na mimi naondoka. Tusajigwe, akaunti ina neno la siri?"

"Inalo."

"Mpe Neli."

Nikamwambia Neli neno la siri mbele ya wote, akalirudia mpaka likamkaa. Ana simu ya tochi tu, isiyoweza kufungua programu yoyote.

"Mkitaka uondolewe," Baba alimwambia, "njoo kwa huyu binti, useme hilo neno, naye atauondoa siku hiyohiyo bila kuuliza kwa nini. Tusa, umesikia?"

"Nimesikia."

"Na kama hatutaki uondolewe?" Neli akauliza.

"Njoo hivyohivyo," Mama akasema kutoka ukutani. "Tutapika."

Nilimalizia kusoma vifungu vilivyobaki, maana vilikuwepo na Baba hakunyanyua mkono kunizuia. Kisha Lugano akaandika majina: Anyelwisye kwanza, Ambrose chini yake. Akamsogezea Baba simu. Kidole chake kilikuwa kikavu, na kioo hakikukisikia mara ya kwanza. Neli akachovya ncha ya kitenge chake kwenye kikombe cha maji, akakifuta kile kidole taratibu kama anavyolainisha mdomo wa chungu, akakirudisha kwenye kioo.

"Nakubali," Baba alisema kwa sauti, ingawa simu haikuhitaji sauti, akabonyeza.

Lugano akaweka sauti ya juu. Wanaume wakaanza chini, kama walivyofundishwa. Neli alilaza kichwa kwenye ukingo wa kitanda, na Baba akaweka mkono juu ya kitambaa chake cha kichwani, akaanza kuwahesabia wanawake mapigo kwa vidole ili waingie mahali pake.